Pumzi Iliyobaki Kwenye Nta

Ndahani alikuja kwenye arobaini ya mume wangu na kulivaa koti la mume wangu. Alilitoa kwenye msumari nyuma ya mlango bila kumwomba mtu, akalitupia juu ya shati lake, akaanza kutembea uani kama Msabila alivyokuwa akitembea, bega moja limetangulia, akisonya kila baada ya hatua chache kana kwamba ardhi yenyewe imemkosea. Watu waliokuwa wameinamisha vichwa wakaangua kicheko. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwa ametabasamu tangu mazishi, alijifunika mdomo kwa upindo wa khanga, mabega yakimtikisika.

Ndahani ni Mgogo, sisi ni Wanyamwezi. Tangu enzi za misafara ya miguu wao ni watani wetu na sisi ni watani wao, na mtani kwenye msiba ana ruhusa ambazo hata ndugu wa damu hana. Anaweza kujilaza ndani ya kaburi akagoma kutoka. Anaweza kumwiga marehemu mbele ya mjane. Na akitaja kitu chochote cha marehemu kuwa anakitaka, hanyimwi hivihivi. Ni lazima akombolewe kwa kitu kingine, naye akishakipokea madai yake yamekwisha. Siku hizi magari yanajiendesha yenyewe na daktari anakupima ukiwa kitandani kwako, lakini mtani bado ni mtani.

“Mke wangu,” aliniita kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani, “nimerudi safari, mbona hujanipikia?”

“Tumepika wali,” nikamjibu. “Sijui kama tumbo lililozoea mlenda litaupokea.”

“Wali wa wapagazi huo! Mmeupika huku mmebeba mizigo kichwani!”

Watu wakacheka tena. Ndahani akakohoa, akajipiga kifua kwa ngumi, akaendelea. “Haya, naondoka. Ila siondoki mikono mitupu. Nautaka ule.”

Alikuwa ameunyooshea kidole mzinga wa Msabila, uliokuwa ukining'inia kwenye ukingo wa paa.

“Mzinga?”

“Mzinga. Nikautundike kwangu, niwe naupumulia mimi. Marehemu hapumui tena, sasa hao nyuki wanamfanyia nani kazi?”

Angesema hayo mtu mwingine, ningemfukuza kwangu. Kwa kuwa ni mtani, nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi hayo hayakuwa yote ya kicheko. Nikaingia jikoni, nikatoka na sufuria kubwa ya kupikia shughuli.

“Mgogo na nyuki wapi na wapi,” nikasema. “Chukua hii. Kaa nayo barabarani, wapita njia watakutilia chochote.”

Uani kote kukawa vicheko na vigelegele. Ndahani akaipokea sufuria, akaigeuzageuza mikononi, akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko utani ulivyohitaji. Kisha akalirudisha koti kwenye msumari wake, akaivaa sufuria kichwani kama kofia ya askari, akatoka. Nilimshukuru Mungu kwa kutupa watani.

*

Kesho yake mchana nilikaa chini ya mzinga, kama nilivyokuwa nikikaa kila mchana tangu tumzike.

Ni mzinga wa gome la muyombo, wa kienyeji kabisa ukiutazama kwa mbali, isipokuwa mdomo wake ni bomba fupi la kioo. Kila asubuhi ya maisha yetu ya ndoa Msabila aliinama pale akapumua ndani ya bomba kabla hata hajanipa mimi salamu. “Niwaamkie wake wadogo kwanza,” alikuwa akisema, “wewe mkubwa utavumilia.”

Nyuki wenyewe ni wale wadogo wasiouma, ila kizazi hiki kilipitia maabara, na vipapasio vyao vinaweza kunusa kwenye pumzi ya mtu ugonjwa ambao haujamlaza bado. Wakishanusa wanakwenda msituni. Wanakwangua utomvu mwekundu wa mninga, wanachukua ulimbo kwenye machipukizi ya mtundu, wanauacha mti huu na kuuchagua ule kwa sababu wanazozijua wao, kisha wanauchanganya na nta na mate yao mpaka inapatikana gundi. Ndani ya gundi hiyo mna kemikali za miti, flavonoidi, asidi za fenoli na terpeni, kila moja kwa kiasi cha kupambana na kile kilichonuswa asubuhi. Mwenye mzinga anatafuna kipande kidogo kama punje ya mahindi kila jioni, basi. Vidonge vilipochoka, bakteria walipovizoea vyote, ni gundi iliyotubakiza hai. Mtu mmoja, mzinga mmoja. Pumzi za watu wawili zikiingia kwenye mzinga mmoja nyuki wanachanganyikiwa, wanaziba mdomo wa nyumba yao na kufia humo.

Najua haya kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mimi ni mkemia kwenye kituo cha mizinga hapa Sikonge. Naletewa gundi za watu, naziyeyusha, nazipitisha kwenye mashine inayotenganisha kemikali moja moja na kuzichora kwenye kioo chake, zikiwa kama safu ya milima. Safu ya Msabila ningeitambua hata usingizini. Mlima mrefu wa katikati ulikuwa wa kuzuia kikohozi cha ghala, ugonjwa unaowapata wanaopanga tumbaku madaraja kwenye maghala yenye unyevu. Yeye na Ndahani walifanya kazi hiyo meza moja. Hakufa kwa kikohozi. Moyo wake ulisimama akiwa anafunga kamba za kiatu, mapafu yake yakiwa safi kama ya mtoto, na siku ile ya mazishi mtu alinipa pole kwa kuniambia hivyo.

Lakini sikuwa nakaa chini ya mzinga kwa ajili ya kemia. Nta ina tabia ya mafuta, inanasa harufu. Weka samli karibu na kitunguu uone. Miaka yote ile pumzi ya Msabila ilikuwa ikiingia na kunata kwenye kuta. Jua la mchana likilipasha gome, nta inalegea, nyuki wanaanza kupepea mbawa ili kupooza nyumba yao, na kwenye bomba inatoka hewa ya vuguvugu. Ilinuka tumbaku kavu. Ilinuka karafuu, kwa kuwa alikuwa haishi kutafuna karafuu. Na ilikuwa na kitu kingine ambacho mashine yangu inakiandika kwa tarakimu nyingi, na mimi nakijua kwa ngozi ya shingo yangu.

Nilimtamani mume wangu. Nalisema wazi kwa sababu mjane anatakiwa aseme “namkumbuka marehemu” huku ameangalia chini. Mimi nilimtamani. Nilikuwa naweka pua kwenye bomba lile, nikivuta tu na kutolea pumzi pembeni, nikafumba macho, na kwa muda huo nilikuwa mwanamke mwenye mume. Siku za mwanzo nilikata kipande cha nta nikakifungia kwenye chupa ili nilale nacho, na kabla ya wiki kwisha kikawa kinanuka nta tu. Ni gundi ya kwenye kuta inayozuia harufu isikimbie. Nje ya mzinga haina ulinzi. Lakini humo ndani, kwa hesabu zangu, ilikuwa imebaki ya kunitosha miaka mingi ya michana.

Mama mkwe naye alikuwa akija. Tulikuwa tunapeana nafasi bila kusemezana. Akiniona nimekaa, anapita kwenda kuokota kuni ambazo hakuzihitaji, halafu anarudi mimi nikiwa nimeondoka. Kituo kilishaniuliza mara moja kama ningependa kuurudisha mzinga. Sheria inasema mzinga wa marehemu ni wa mjane wake, hakuna wa kumlazimisha, na mimi niliwajibu hivyohivyo, kwa ukali kuliko ilivyohitajika.

Nilikuwa bado nimefumba macho niliposikia pikipiki ya umeme ikisimama. Alikuwa Edina, muuguzi wa zahanati, tuliyesoma naye.

“Mtani wako amelazwa,” akasema.

“Ndahani? Amekula nini tena?”

“Usicheke, Nyanzala. Ana kikohozi cha ghala, na amekificha muda mrefu. Nyuki wake walihama kiangazi kilichopita, msitu ulipoungua. Tumempa mzinga mpya, lakini nyuki wapya wanahitaji msimu mzima wa mvua kuujifunza ugonjwa huo. Na yeye msimu mzima hana.”

Nikainuka nikajipangusa vumbi, kwa kukosa cha kufanya.

“Anasema alikuja kukuomba,” Edina akaendelea, akiwa hanitazami. “Anasema ukampa sufuria.”

*

Alikuwa amelala chali, mrija wa oksijeni puani, miguu yake mirefu imepita mwisho wa kitanda. Aliponiona akajaribu kukaa, akanisalimu kwa Kigogo.

“Mbukwa, mke wangu. Umefuata sufuria yako?”

“Mbukwa, mjinga wewe. Kwa nini hukuniambia?”

“Nilikuambia. Mbele ya ukoo mzima.”

“Uliniambia kwa utani!”

“Ulitaka nikuambie vipi?” Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikasubiri kikohozi kile kipite na kikakataa kupita upesi. Alipopata sauti aliongea polepole. “Nije kwa mjane, nikae mbele yake, nimwambie nipe pumzi ya mumeo niimwage nje, niweke yangu? Maneno hayo yanatamkika? Kwa utani yanatamkika. Nilijua utacheka. Nikadhani ukishacheka utakwenda kulala, asubuhi utafikiri, utasema, hivi Ndahani alikuwa na maana gani? Jambo zito sisi tunalipitisha mlango wa nyuma.”

“Mimi sikufikiri. Nilicheka tu.”

“Nilikuwa nachekesha mno. Ndiyo shida yangu.”

“Na sufuria ukaipokea. Ungeikataa ningeelewa.”

“Ningeikataa mbele ya watu, lingekuwa dai la kweli, na wewe ungelazimika. Sikutaka ulazimike.” Alifumba macho. “Nilikaa na Msabila meza moja, nikivuta vumbi lilelile alilovuta yeye. Najua unakwenda kunusa nini pale mchana. Ningekuwa wewe hata mimi nisingempa mtu.”

Nilitafuta neno la kumtania, nikalikosa. Watani wakikosa neno hali ni mbaya.

“Nenda nyumbani, shemeji,” akasema.

Tangu nilipoolewa Ndahani hakuwahi kuniita shemeji. Aliniita mke wangu, aliniita mpagazi, aliniita bibi wa michembe, kwa viazi vyetu vya kukausha. Neno hilo moja la heshima lilinitisha kuliko mashine ya oksijeni.

*

Mimi ni mkemia, na mkemia hakubali upesi kwamba kuna njia mbili tu. Nilirudi maabara. Nilikwangua gundi kidogo mlangoni mwa mzinga, mahali ambapo nyuki wasingekasirika, nikaiyeyusha kwenye spiriti, nikaipitisha kwenye mashine, nikaanza kuichambua. Nilitaka ule mlima wa katikati peke yake, ile dawa ya kikohozi cha ghala, bila yale yote yaliyokuwa ya Msabila. Nilikuwa nataka kumpa Ndahani dawa na kubaki na mume wangu. Sioni aibu ya kutaka hivyo.

Nilimpelekea tone kwa tone kwenye kijiko cha asali. Siku ya kwanza homa ikashuka. Siku ya pili akakaa kitandani, akamwambia Edina kwamba uji wa zahanati unafaa kubandikia matofali. Nilirudi nyumbani nikiimba, nikakaa chini ya mzinga, nikanusa, nikamwambia Msabila kwa sauti kwamba mkewe ana akili.

Siku ya tatu midomo ya Ndahani ilivimba, kisha koo. Nilipofika Edina alikuwa ameshamchoma sindano na anamshikilia mabega ili asianguke akitafuta hewa. Nilisimama ukutani kama mtu asiye na kazi duniani. Gundi haitengenezwi kwa ajili ya ugonjwa peke yake. Inatengenezwa kwa ajili ya ugonjwa ukiwa ndani ya mwili fulani, na kemikali zake zinashikana kiasi kwamba huwezi kuing'oa moja na kudhani umeiacha familia yake nyuma. Iliyokuwa dawa kwa damu ya Msabila ilikuwa sumu kwa damu ya Ndahani. Nilikuwa nimewafundisha vijana jambo hilohilo darasani. Nilitaka tu, kwa mara hii moja, lisiwe kweli.

Edina alinifuata nje, sindano tupu bado mkononi.

“Usirudie,” akasema. “Umpe mzinga wenyewe, au umwache kwetu tumuuguze mpaka mwisho. Usiwe unamwonjesha uhai halafu unaondoka nao.”

“Nikiuhamisha, Msabila anakwisha. Unaelewa? Hakutabaki hata punje.”

“Naelewa,” akasema Edina. “Ila si mimi wa kukuchagulia.”

*

Mama mkwe alikuwa anachambua choroko barazani. Nikakaa kwenye mkeka, nikachukua ungo wa pili, nikaanza kumsaidia. Nilimweleza yote. Nilimweleza kwamba mzinga ukihamishwa lazima usafishwe kwa joto kwanza: kuta zinapashwa mpaka nta ya zamani iyeyuke na kutiririka nje, pamoja na pumzi zote zilizonasa humo. Gundi inabaki, na ndiyo inayowafundisha nyuki ugonjwa wenyewe. Nyuki, waliosinzia kwa joto, wakiamka ndani ya mzinga usio na harufu ya mtu wanatafuta pumzi ya kuitumikia, na wakiipata, kwa kuwa ugonjwa tayari wanaujua, dawa yao inaanza kutoka baada ya siku chache tu.

Aliendelea kuchambua. “Si ulishamkomboa?” akauliza.

“Kwa sufuria, Mama.”

“Akaipokea?”

“Akaipokea.”

“Basi. Mila imekwisha hapo. Hakuna mtu atakayekunyooshea kidole, hata Wagogo wenyewe.” Mikono yake ikasimama. “Nyanzala, mwanangu wa kumzaa namnusa mchana kwa dakika chache. Nimebakiwa na hicho. Usinifanyie hivyo.”

Alikuwa amesema kweli tupu. Mila ilikuwa upande wangu, sheria ilikuwa upande wangu, na mama wa marehemu alikuwa ananililia. Nilikuwa na sababu zote ambazo mtu anaweza kuzitamani za kukaa kimya, na kikohozi kile nilikuwa nakisikia masikioni hata pale barazani. Nilijaribu kujiambia kwamba Ndahani ana ndugu Dodoma, kwamba labda mvua zitawahi, kwamba nyuki wapya wakati mwingine wanashangaza. Nilimfikiria Msabila angesema nini, nikaacha, kwa sababu wafu tunawawekea mdomoni maneno tunayoyataka sisi.

“Mama,” nikasema, “ningeweza kumnyima. Shida ni kwamba baada ya hapo nitakuwa nakwenda pale mchana kunusa, na nitakuwa najua nanusa nini.”

Alimaliza choroko zake zote, akazikung'uta, akainuka kwa shida akishikilia nguzo.

“Siku hiyo nitakwenda kwa dada yangu Urambo,” akasema akiwa mlangoni. “Uniambie mapema. Sitaki kuona.”

*

Walituandalia chumba kidogo mwishoni mwa zahanati, kilichokuwa stoo ya magodoro. Nilitundika mzinga kwenye chuma kando ya kitanda, nikauzungushia mkanda wa kupasha joto, nikaweka bakuli chini ya tundu la kutolea nta. Nyaya za mkanda nilizipitisha chini ya mlango hadi nje. Ndahani alinitazama muda wote nikifanya kazi. Alikuwa amekonda hadi masikio yake yalionekana makubwa.

“Ukimaliza utakaa wapi?” akauliza.

“Nje.”

“Nje kwa nini? Si ndiyo mara ya mwisho?”

Nilikuwa nimetumaini hataniuliza. “Nta ikilegea inanasa pumzi yoyote iliyomo chumbani. Nikiwemo mimi, watanusa watu wawili. Watajiziba.”

Alichukua muda kuelewa, kisha nikaona ameelewa kwa namna alivyoshika ukingo wa shuka. “Kwa hiyo nitamnusa mimi. Yote. Wewe hutapata hata…”

“Lala upande huu,” nikasema, “uso wako uelekee bomba.”

Unaweza kuuliza kwa nini sikuivuta hewa ile kwenye chupa. Nililifikiria usiku kucha. Ukivuta hewa kutoka kwenye mzinga unaopashwa joto, unawavuta nyuki uhai pia. Niliweka kihisio kimoja tu kwenye tundu la juu, cha kunionyesha, kwenye kioo changu cha mkononi, harufu zinazotoka, ili nijue lini kazi imekwisha. Nikatoka. Nikafunga mlango, nikauwekea kitambaa chini, nikapiga magoti kwenye sakafu ya korido huku Edina akiwazuia watu wasipite.

“Ndahani, unanisikia?”

“Nakusikia. Nimefungiwa kama kuku wa sikukuu.”

Nikapandisha joto polepole. Kwenye kioo milima ikaanza kuota, mmoja mmoja, ile ninayoijua, safu nzima ya Msabila, mirefu kuliko nilivyowahi kuiona kwa sababu kilichokuwa kikitoka kidogokidogo kila mchana sasa kilikuwa kinatoka chote kwa pamoja. Kule ndani kukawa kimya.

“Ndahani?”

Nikagonga mlango kwa kiganja.

“Ndahani, sema kitu!”

“Yupo,” akasema. Sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. “Shemeji, yupo humu ndani.”

Niliegemeza paji la uso kwenye mlango. Mbao zilinuka rangi ya mafuta na dawa ya kudekia. “Niambie,” nikasema.

“Tumbaku. Ile ya daraja la juu, alikuwa hapendi kushika takataka.” Akavuta pumzi. “Karafuu. Siku moja mimi nimeishiwa, akaing'ata yake katikati, nusu akanipa. Nikamwambia sitaki mate ya Mnyamwezi. Nikaila.”

“Na nini tena?”

“Sabuni ya mche. Moshi kidogo. Mahindi ya kuchoma.” Alikuwa analia, na hakujaribu kuficha. “Halafu kuna… sijui niseme vipi. Mtu akiwa ametoka kuamka. Shingo yake.”

“Hiyo,” nikasema. “Hiyo usiiache. Ivute.”

“Naivuta.”

“Ikoje?”

“Ina joto, shemeji.”

Kucha zangu zilikuwa zinakwaruza mbao za mlango bila mimi kujua, mpaka Edina akaja akanishika mkono. Nilimchukia Ndahani kwa wakati ule, nilimchukia na kumpenda, kwa kuwa alikuwa pale nilipotaka kuwa kuliko mahali popote duniani. Nta ilianza kudondoka kwenye bakuli, niliisikia. Kwenye kioo milima ilifika kileleni, ikasimama, ikaanza kushuka. Karafuu ilitangulia kuondoka, kwa sababu ni nyepesi. Tumbaku ikafuata. Ule mlima mdogo wa mwisho, ule usio na jina, uling'ang'ania muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha nao ukalala. Ikabaki tambarare tupu.

“Bado?” nikauliza.

“Bado,” akasema Ndahani.

Nilitazama kioo. Sijawahi kufanya kazi na kihisio kizuri kama kile, na hakikuwa kimekosea.

“Bado yupo?”

“Bado yupo, shemeji. Hapa hapa.”

Alikuwa ananidanganya, naye hakujua kwamba najua. Nilikaa pale sakafuni na uongo wake huo kwa muda, kwa sababu ulikuwa mzuri, na kwa sababu baada yake kusingekuwa na kitu. Kule ndani nyuki walianza kunguruma, sauti nyembamba ya viumbe walioamka ndani ya nyumba isiyo na mwenyewe. Hawasubiri muda mrefu.

Nilizima joto. “Sasa weka mdomo kwenye bomba,” nikamwambia. “Pumua, Ndahani. Wanakutafuta.”

Nikamsikia anavuta pumzi, ikamkwama, akakohoa, akaivuta tena na kuitoa yote ndani ya bomba la kioo. Nyuki wakanyamaza, wakinusa. Huku nje ya mlango, na mimi nilikuwa nimeizuia pumzi yangu.